Virusi Vimekwisha, Ini Je?

Mtu aliyepandikizwa ini kwa sababu ya homa ya ini C, akatibiwa kwa vidonge na kupona kabisa, anaweza kuingia maabara yoyote leo akapewa majibu yanayosema ana maambukizi. Maabara haijakosea, ila imejibu swali jingine. Kipimo cha haraka kinatafuta kingamwili, na kingamwili za ugonjwa huu hubaki kwenye damu miaka mingi baada ya virusi kutoweka. Kinachosema kama maambukizi bado yapo ni kipimo cha wingi wa virusi vyenyewe. Mkanganyiko huu hauko peke yake. Wako wanaoambiwa "umepona" wakaacha kliniki. Wako waliosikia kwamba dawa hizi huleta saratani ya ini. Na ziko familia ambazo daktari mmoja amezishauri mgonjwa atibiwe sasa hivi, mwingine akazishauri lisubiriwe kwanza ini jipya, na madaktari wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba jibu la "virusi havionekani" linatuambia habari za kirusi tu. Habari za ini zimo kwenye makovu yaliyokuwapo siku tiba ilipoanza, na katika mambo yanayolikuta ini hilo miaka inayofuata.

Ini jipya, ugonjwa wa zamani

Kirusi cha homa ya ini C kilitambuliwa mwaka 1989, na Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2020 kwa kazi iliyowezesha jambo hilo. Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulikuwa sababu kuu ya watu kupandikizwa ini Marekani na katika sehemu kubwa ya Ulaya. Lakini upandikizaji peke yake haukuuondoa. Kirusi huzunguka kwenye damu, hivyo ini jipya huambukizwa punde damu ya mgonjwa inapoanza kupita ndani yake. Karibu kila aliyeingia chumba cha upasuaji akiwa na virusi kwenye damu aliambukizwa upya, na safari hii ugonjwa ulikwenda mbio. Kwa mtu wa kawaida huchukua miaka 20 hadi 30 ini kufikia hatua ya kusinyaa kwa makovu, yaani sirosisi. Kwa aliyepandikizwa, ambaye kinga yake imeshushwa makusudi ili mwili usilikatae ini la mwenzake, kati ya mmoja katika watano na mmoja katika watatu walifika huko ndani ya miaka 5. Wachache walipata namna kali zaidi, nyongo ikakwama ndani ya ini, macho yakawa manjano, na ini likafa katika miezi michache.

Tiba ya zamani ilikuwa na mgongano ndani yake. Sindano za intaferoni, zilizochomwa kila wiki kwa takriban mwaka mzima pamoja na vidonge vya ribavirini, hufanya kazi kwa kuamsha kinga ya mwili, wakati dawa zinazolilinda ini jipya hufanya kazi kwa kuilaza. Kila sindano iliyowekwa ili kufukuza virusi iliongeza hatari ya mwili kulishambulia ini lenyewe. Waliopona walikuwa takriban theluthi tu, na wengi walikatisha dawa njiani kwa kushindwa kuzistahimili.

Desemba 2013 Marekani iliidhinisha sofosbuvir, dawa inayozuia moja kwa moja kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kujinakili. Bei yake ya kwanza ilikuwa dola 84,000 kwa wiki 12, sawa na dola 1,000 kwa kidonge kimoja. Kwa waliopandikizwa ini, utafiti wa SOLAR-1 uliounganisha sofosbuvir, ledipasvir na ribavirini ulionyesha kwamba wasio na sirosisi, na wale ambao sirosisi yao ilikuwa bado haijalishinda ini, walipona kwa zaidi ya asilimia 95. Utafiti wa MAGELLAN-2, uliotumia glecaprevir na pibrentasvir kwa watu 100 waliopandikizwa ini au figo, ulifikia asilimia 98. Haya ni mafanikio makubwa, na yastahili kusemwa hivyo bila kupunguzwa. Ila ndani ya SOLAR-1 yenyewe kulikuwa na kundi jingine, watu ambao ini lao jipya lilikuwa limeshashindwa kabisa. Waliopona kati yao walikuwa asilimia 60 hadi 75 tu. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni hali ya ini siku dozi ya kwanza ilipomezwa.

Atibiwe kabla, au baada?

Wanaotaka mgonjwa atibiwe kabla ya kupandikizwa wana sababu nzito. Ini jipya likiingia kwenye mwili usio na virusi, halitaambukizwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mgonjwa akikaa zaidi ya siku 30 mfululizo bila virusi kuonekana kwenye damu kabla ya upasuaji, uwezekano wa ugonjwa kurudi baada yake huwa mdogo sana. Zaidi ya hapo, baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kubwa kiasi cha kutohitaji tena upandikizaji. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2016 uliowafuatilia wagonjwa 103 wenye ini lililoshindwa uligundua kwamba takriban mmoja kati ya watano aliondolewa kwenye orodha ya wanaosubiri kwa sababu hali yake ilikuwa nzuri. Pale ambapo maini ni machache kuliko wanaoyahitaji, kila anayetoka kwenye foleni kwa heri anampisha mwingine.

Wanaotaka tiba isubiri wana sababu nzito vilevile. Katika nchi ambazo maini hugawiwa kwa alama za MELD, kipimo cha kuanzia 6 hadi 40 kinachokadiria uwezekano wa mgonjwa kufa akisubiri, tiba inaweza kushusha alama bila kumrudishia mtu maisha yake. Vipimo vya damu vinapendeza kidogo, anasogezwa nyuma kwenye foleni, na tumbo linaendelea kujaa maji vile vile. Amekuwa mzima mno kupewa ini na mgonjwa mno kuishi bila hilo jipya. Pia, kama tulivyoona, dawa hufanya kazi vibaya zaidi kwa ini lililochakaa, na aina moja ya dawa hizi, zile zinazozuia kimeng'enya cha protease, hairuhusiwi kabisa kwa mgonjwa ambaye ini lake limeshashindwa. Mwongozo wa chama cha Ulaya cha madaktari wa ini uliweka mpaka kwenye alama 18 hadi 20. Chini ya hapo atibiwe kwanza. Juu ya hapo apandikizwe kwanza, isipokuwa kama foleni inazidi miezi 6.

Mjadala huu umeandikwa kwa kuzifikiria nchi zenye maini ya watu waliofariki, na hapo ndipo wasomaji wetu hupotea. Misri, nchi iliyowahi kubeba mzigo mkubwa kuliko zote wa homa ya ini C, hasa kwa sababu ya kampeni za sindano za kutibu kichocho zilizoanza miaka ya 1950 kwa sindano zisizotakaswa ipasavyo, hupandikiza ini kwa kutegemea watoaji walio hai tangu mwaka 2001. Ndivyo ilivyo pia kwa sehemu kubwa ya hospitali za India wanakopelekwa wagonjwa wa ini kutoka Dar es Salaam na Nairobi. Ndugu anatoa kipande cha ini lake, na tarehe inapangwa. Hakuna foleni ya alama, kwa hiyo ile hatari ya kusogezwa nyuma haipo. Kinachobaki ni swali la muda: je, mgonjwa ana wiki 12 za kusubiri? Akiwa nazo, kutibu kwanza kunalikinga ini la ndugu yake lisiambukizwe hata siku moja. Asipokuwa nazo, kumchelewesha kwa ajili ya vidonge ni kosa, maana vidonge hivyo hivyo vitamponya baadaye kwa uhakika mkubwa zaidi, akiwa na ini lenye nguvu. Familia inayosoma mwongozo wa Ulaya bila kulijua hili inaweza kuahirisha kitu kisichopaswa kuahirishwa.

Hofu ya saratani

Mwaka 2016 madaktari wa Barcelona waliripoti jambo lililotisha. Kati ya wagonjwa 58 waliowahi kutibiwa saratani ya ini kisha wakapewa dawa mpya za virusi, 16 walirudiwa na saratani katika muda mfupi wa ufuatiliaji. Dhana iliyopendekezwa ilikuwa na mantiki: kuondoka ghafla kwa virusi pengine kunailegeza kinga iliyokuwa ikiizuia saratani. Habari ikasambaa, na hadi leo wako wanaoogopa vidonge hivyo.

Udhaifu wa ripoti ile ulikuwa wazi tangu mwanzo, na waandishi wake hawakuuficha. Wagonjwa walikuwa wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha la watu wa aina ile ile wasiopewa dawa. Saratani ya ini hurudi mara nyingi hata pasipo dawa yoyote. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuiunga mkono hofu hiyo. Ule wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha zaidi ya watu 62,000, ulionyesha kwamba waliopona kwa dawa mpya walikuwa na hatari ya saratani iliyopungua kwa asilimia 71. Naona suala hilo limejibiwa. Lakini hatari iliyopungua bado ni hatari. Aliyekuwa na sirosisi kabla ya kupona huendelea kuchunguzwa kwa altrasaundi kila miezi 6, na hilo halibadiliki kwa sababu ini hilo ni la pili. Kwa aliyepandikizwa kwa sababu ya saratani kuna jambo la ziada: urejeo hutegemea zaidi ukubwa na tabia ya uvimbe uliokutwa kwenye ini la zamani, na kuisingizia dawa ya virusi kunamfanya mgonjwa aangalie upande usiofaa.

Kinachobaki virusi vikiondoka

Hapa ndipo penye uzito wa suala zima. Kuua mchwa hakurudishi boriti iliyokwisha kuliwa, ila ini lina bahati ambayo mbao haina: hujijenga. Watafiti wa Barcelona waliochukua vipande vya ini vya wagonjwa waliopandikizwa, kabla ya tiba na baada ya kupona, walikuta makovu yamepungua kwa takriban theluthi mbili yao. Kati ya waliokuwa wamefikia sirosisi, walioonyesha nafuu hiyo hawakufika nusu. Kwa wengine shinikizo la damu kwenye mshipa unaoingia ini lilibaki juu, na shinikizo hilo ndilo linalosababisha kutapika damu na tumbo kujaa maji. Mtu wa namna hiyo hana virusi, ana cheti cha kupona, na bado anaweza kufa kwa ugonjwa wa ini.

Ukiacha makovu, adui wa pili ni mafuta. Dawa za kulinda kiungo zina gharama yake mwilini: tacrolimus na steroidi hupandisha sukari, steroidi huongeza hamu ya kula na uzito, na shinikizo la damu hufuata. Kirusi chenyewe kilikuwa kinashusha lehemu kwenye damu, na kikiondoka lehemu hupanda. Aliyekuwa amedhoofika miaka kadhaa anarudi kula vizuri, ndugu wanafurahi kumwona ananawiri, na mafuta yanaanza kujaa kwenye ini ambalo makovu yake hayajafutika. Pombe huongeza madhara hayo hayo. Huwezi kuyaona kwenye kipimo cha virusi, na vimeng'enya vya ini kwenye damu vinaweza kubaki ndani ya kiwango cha kawaida muda mrefu.

Adui wa tatu ni kinga ya mwili yenyewe, na hili nalitazama kwa karibu kwa sababu ndilo linalosahauliwa zaidi. Kiwango cha tacrolimus kwenye damu hupimwa asubuhi, mgonjwa akiwa hajameza dozi ya siku hiyo, ili kuona kimeshuka hadi wapi tangu dozi iliyopita. Dawa hiyo huvunjwavunjwa na ini. Ini lililoungua kwa virusi huivunja polepole, kwa hiyo dozi ndogo hutosha. Mgonjwa akianza kutibiwa, ini linapata nguvu wiki baada ya wiki, linaanza kuivunja upesi, na dozi ile ile aliyoizoea inakuwa haitoshi. Kiwango kinashuka, kinga inaamka, na ini linashambuliwa wakati ambapo kila mtu anasherehekea majibu mazuri ya virusi. Kuna dawa za virusi zinazofanya kinyume chake. Mseto mmoja wa zamani uliokuwa na ritonavir ulipandisha tacrolimus kiasi kwamba dozi ilibidi ishushwe hadi nusu miligramu kwa wiki nzima. Kwa hiyo kupima tacrolimus mara kwa mara wakati wa tiba, na miezi inayofuata, kuna uzito sawa na kupima virusi.

Kiungo kutoka kwa mwenye virusi

Mafanikio ya dawa yamezaa swali lililokuwa haliwezekani kuulizwa zamani: je, asiye na ugonjwa apewe kiungo cha aliyekuwa nao? Marekani, ambako vifo vya vijana kwa dawa za kulevya viliacha viungo vingi vizuri vyenye virusi, utafiti wa THINKER wa mwaka 2017 uliwapa watu 10 figo za namna hiyo, na wote wakapona. Mwaka 2019 madaktari wa Boston walionyesha kwamba wiki 4 za dawa zikianza saa chache baada ya upasuaji ziliwatosha waliopewa mioyo na mapafu. Anayekufa akisubiri moyo hana sababu nzuri ya kuukataa huo. Sharti ni moja: dawa ziwe zimeshalipiwa na ziko mkononi kabla ya upasuaji. Wameripotiwa wagonjwa wa figo waliopata ile namna kali ya ugonjwa, nyongo ikakwama ndani ya ini, kwa sababu tiba ilichelewa wakati bima ikijadiliana. Mahali ambapo dawa hufika wiki au miezi baada ya kuandikwa, mpango huu haufai bado, hata kama sayansi yake ni thabiti.

Mizani ya Afrika Mashariki

Kwetu, aliyepandikizwa na kuwahi kuugua homa ya ini C ana uwezekano mkubwa kuwa mtu wa figo. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018, na Kenya ilikuwa imeshatangulia. Usafishaji damu ni mojawapo ya njia ambazo kirusi hiki huenea duniani kote, pale taratibu za usafi zinapolegea kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Mantiki ya ini inafanya kazi hapa pia: mwenye virusi anayetarajia figo apimwe makovu ya ini kwanza, maana figo mpya kwenye mwili wenye sirosisi ni upasuaji mwingine kabisa. Mwenye ini lisilo na makovu na ndugu aliye tayari kumpa figo anaweza kutibiwa kabla au baada, na matokeo yakawa mazuri.

Mambo matatu yanaitofautisha kanda yetu na vitabu vya Ulaya. La kwanza ni aina ya kirusi. Utafiti uliofanyika Rwanda na kuchapishwa mwaka 2019, wa watu 300 waliopewa ledipasvir na sofosbuvir, ulipata uponaji wa asilimia 87, lakini kwa wenye aina ndogo ya 4r uponaji ulishuka hadi asilimia 56. Watu hao hawakuwa wamepandikizwa, ila somo lake linamhusu zaidi aliyepandikizwa, kwa sababu yeye ana nafasi finyu ya kukosea mara ya kwanza. La pili ni kifua kikuu. Rifampisini huharakisha kuvunjwa kwa dawa za virusi na kwa tacrolimus pia, kwa hiyo mgonjwa anayepewa dawa za kifua kikuu bila wataalamu wake kuzungumza wao kwa wao anaweza kupoteza tiba na kiungo kwa pamoja. La tatu ni homa ya ini B, ambayo kwetu ni ya kawaida kuliko C. Oktoba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali baada ya kukusanya taarifa za watu 24 ambao virusi vyao vya B viliamka walipotibiwa C, na baadhi yao wakafa. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa, kipimo cha B kabla ya kidonge cha kwanza ni cha lazima.

Kuna pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito. Inasemwa kwamba kumfuatilia mtu aliyepona ni kumfanya mgonjwa wa maisha, na kwamba fedha hizo zingewatibu wengine ambao hawajatibiwa. Kwa mtu ambaye hakupandikizwa na alikuwa na makovu machache, nakubali: akishapona na hana sababu nyingine ya kuumwa ini, anaweza kuruhusiwa aende zake. Kwa aliyepandikizwa hoja hiyo haisimami, kwa sababu kliniki anayo tayari. Atakunywa dawa za kulinda kiungo maisha yake yote, na damu yake itapimwa maisha yake yote. Kinachoongezwa ni kidogo: altrasaundi mara mbili kwa mwaka kwa aliyekuwa na sirosisi, kipimo cha ugumu wa ini mara moja moja, sukari na lehemu, na kurudia kipimo cha virusi kwa yule aliye kwenye hatari ya kuambukizwa tena, kwa mfano anayerudi kwenye mashine ya kusafisha damu baada ya figo kushindwa. Ikilinganishwa na gharama ya kupandikiza mara ya pili, ambayo kwa wengi wetu haipo kabisa, hii ni bei inayolipika.

Penye udhaifu mkubwa ni kwenye karatasi anazorudi nazo mgonjwa kutoka nje. Ikiandikwa tu kwamba ametibiwa na amepona, daktari anayempokea nyumbani anaanza upya bila kujua chochote kuhusu ini lenyewe. Barua ya kumruhusu ionyeshe makovu yalikuwa hatua gani kabla ya tiba na baada yake, aina ya kirusi kilichotibiwa, majibu ya homa ya ini B, kiwango cha tacrolimus kinachotakiwa na tarehe kilipopimwa mara ya mwisho. Na kwa kuwa kipimo cha haraka kitaendelea kusema ana kingamwili, iandikwe waziwazi kwamba anayetaka kujua kama maambukizi yamerudi apime wingi wa virusi. Familia inayolipia safari ya matibabu ina haki ya kuidai barua hiyo kabla ya kupanda ndege ya kurudi.